Probox ya Kreti Sita

Kabla mwadhini hajanyanyua sauti yake, soko la Kongowea huwa limeamka kitambo. Malori ya viazi na kabichi kutoka bara huwa yamekwisha kujipanga, machungwa ya Tanzania yamemwagwa juu ya maturubai, na mahamali wanapigana vikumbo huku wakiombana njia kwa kelele. Katika msongamano huo hupenya gari moja jeupe, fupi, lenye umbo la kisanduku, na aghalabu hakosi mtu wa kusema, "Mpisheni huyo! Probox hiyo, haina breki." Watu hucheka, hulipisha, kisha hulikimbilia gari lilo hilo walilolicheka, kwa sababu tungule zilizomo ndani yake ndizo zilizowahi kufika, na tena hazikupondeka.

Kijana anayesimuliwa hapa alikulia ndani ya kicheko hicho. Mamake ni muuzaji wa jumla wa tungule, ambazo watu wa bara huziita nyanya. Gari lenyewe lilinunuliwa mwaka 2012 katika yadi moja ya Mombasa kwa kiinua mgongo cha marehemu babake, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi na akafariki kabla hajalipanda mara kumi. Lilikuwa limeundwa mwaka 2005. Kwa kuwa Kenya haikubali kuingizwa nchini gari lililokwisha kutumika ambalo umri wake umezidi miaka minane, gari hilo lilikuwa limekaribia ukomo wa kukubalika. Tangu siku hiyo aliyeshika usukani ni ami yake, ndugu mdogo wa marehemu, mtu wa maneno machache na kofia ya kiua isiyoacha kichwa chake.

Jina ni kitu cha ajabu. Kongowea yenyewe ni mfano. Washairi wa kale wa Mvita walilitumia jina hilo kwa mji mzima wa Mombasa. Leo limebaki kuwa la mtaa na soko la upande wa bara, ng'ambo ya Daraja la Nyali, na mtu akilitaja wengi huwajia akilini vitunguu, matope ya masika na foleni ya matatu. Jina la fahari limeshuka likawa la soko. La Probox halikuwa na pa kushukia, kwa sababu halikupata kuwa la fahari hata siku moja. Ni gari la miraa na muguka, gari la mbuzi watatu na wenyewe wanne, gari ambalo abiria wa ziada hubanwa kwenye kiti kimoja na dereva hata isijulikane ni nani anayekanyaga klachi. Askari wa barabarani akiliona kwa mbali hunyoosha mkono kabla hajajua limebeba nini.

Kijana alipojiunga na chuo kikuu mwaka 2017, ami yake alimpeleka kwa gari hilo, godoro likiwa juu ya keria na harufu ya tungule ikiwa haijatoka katika zulia. Walipokaribia lango, kijana alimwomba amshushe kituo kimoja nyuma. Alisingizia kwamba alitaka kununua maji. Ami hakuuliza kitu. Alisema, "Haya, mwanangu," akamshushia godoro, akageuza gari. Kijana alilibeba godoro lake kichwani katika jua la saa saba, na hakukumbuka kununua maji.

Bwenini alikuta mzaha umemtangulia. Mwenzake mmoja, mwanafunzi wa Kiswahili kama yeye, alipenda kuigiza msomaji wa habari: "Ajali hiyo ilihusisha magari mawili na Probox moja." Mzaha huo ulizaa mjadala wa kisarufi uliochukua jioni nzima, yaani ikiwa mtu aseme Probox hili, kwa kufuata gari, au Probox hii, kama wasemavyo watu wote mtaani. Waliokuwapo waliafikiana kwamba ni hii. Hapana aliyetanabahi kwamba, kwa uamuzi huo, walikuwa wamekwisha kuitoa katika ngeli ya magari. Kijana alishiriki mjadala kwa bidii, akatoa na mifano. Hakusema kwamba ada yake ililetwa na hiyo hiyo.

Miaka miwili baadaye, dada yake aliposwa na watu wa Mji wa Kale. Katika kikao cha kupanga harusi, mama mmoja wa upande wa pili alisema kwa utani kwamba bibi harusi asije akapakiwa pamoja na tungule. Wote walicheka, na mamake kijana akacheka kuliko wote. Usiku huo hakulala. Asubuhi alitangaza kwamba Probox itauzwa, zitaongezwa fedha za mkopo kutoka katika chama chake cha akina mama, na kutanunuliwa Premio, gari la heshima kama la jirani yao. Tungule zingeletwa kwa gari la kukodi. Sababu aliyoitaja kwa sauti haikuwa harusi. Alisema kwamba gari limezeeka: tangu mwaka uliotangulia mapato yake yalikuwa yamepungua karibu nusu, na gari lisiloleta fedha ni mzigo. Ami alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Hakujibu neno. Kijana, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, akaagizwa apige mahesabu ili jambo lifanywe kwa akili na si kwa hasira.

Alianzia gereji. Fundi wa huko Kisauni aliyezoea kulihudumia gari lao alikuwa siku hiyo na Premio ya jirani vilevile, ikingoja kubadilishwa oili. Kijana alimuuliza ni miaka mingapi Probox imebakisha. Fundi hakumjibu; alifungua boneti zote mbili, akapangusa kwa kitambaa, akamwita aje asome. Injini zote mbili zilikuwa za aina moja, 1NZ-FE, ya lita moja na nusu. "Moyo mmoja, kanzu mbili," alisema fundi. Alimweleza kwamba injini hiyo huendeshwa kwa cheni ndani yake na si kwa mkanda unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda, kwamba imo katika Corolla nyingi za miaka hiyo, na kwamba ndugu yake wa karibu alitiwa hata katika Prius, lile gari linalosaidiwa na umeme. Mita ya Probox ilikuwa imepita kilomita 380,000. Fundi aliisikiliza injini ikinguruma, kama daktari, akafunga boneti.

Ukweli ni kwamba gari hili halikuundwa limpendeze mtu yeyote. Toyota waliitoa Probox mwaka 2002 huko Japani ichukue nafasi ya Corolla ya mizigo, na waliowalenga ni wachuuzi wa makampuni, mafundi na wapeleka bidhaa, watu wanaokaa garini kutwa na kula chakula chao humo humo. Ndiyo maana kuna kijimeza kinachovutwa pale mbele karibu na usukani. Ndiyo maana sehemu ya nyuma ni tambarare na pana, haina mapambo, na kiti cha nyuma ni chembamba kama mkeka. Anayesema kwamba kukaa hapo kutoka Voi hadi Mombasa ni adhabu hasemi uongo. Gari likiwa tupu hurukaruka, kwa sababu springi zake zinangoja mzigo. Upungufu huo ni wa kweli na hapana haja ya kuuficha. Lakini kati ya upungufu huo hamna kukosa breki.

Wala si mara ya kwanza kwa gari kuhukumiwa kwa sura na asili yake. Baada ya vita, wataalamu wa Uingereza waliichunguza Volkswagen ile ya mgongo wa kobe wakaiona haifai; mwaka 1972 ikaipita Ford Model T kwa idadi ya zilizoundwa, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kushinda Safari Rally ya hapa Afrika Mashariki mwaka 1954 na tena mwaka 1962. Babu yake kijana alipenda kusimulia jinsi magari ya Kijapani yalivyodharauliwa yalipoanza kuingia: mabati ya kopo, yalisemwa, yatayeyuka kwa mvua ya kwanza. Kisha Datsun ikashinda Safari mwaka 1970, ikarudia 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa Datsun pia. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akaongoza katika matope mazito kwa Mitsubishi Lancer. Babu alisema kwamba baada ya hapo wale wale waliocheka walianza kuulizia bei. Kuhusu bei, Probox nayo ina kichekesho chake: madalali wa magari Mombasa huitukana hadharani, lakini mwenye kuuza yake hapati shida ya mnunuzi, na anayetaka kuinunua kwa bei ya kutupa hurudi nyumbani kwa miguu.

Hata hivyo hayo yote hayakujibu swali la mama. Ikiwa gari ni zima, mapato yalikwenda wapi? Kijana aliamua kusafiri na ami yake safari moja, aone kwa macho.

Waliondoka Kongowea mchana, wakavuka kisiwa, wakapita Makupa na Changamwe, wakashika njia ya Voi. Jioni walikuwa Wundanyi, milimani Taita, ambako baridi humshangaza kila mtu wa pwani. Mkulima alikuwa amepanga kreti kumi na mbili kando ya shamba. Ami alilaza kiti cha nyuma, akapakia sita, akafunga mlango. "Bwana, mbona waniachia nusu?" aliuliza mkulima. "Zamani ulikuwa ukizikomba zote." Ami alisema, "Zilizobaki nitazifuata kesho kutwa," akaingia garini. Kijana aliandika: sita. Kreti moja kubwa ya mbao iliyojaa tungule huwa na kilo 60 na zaidi, na Probox imeruhusiwa na waliyoiunda kubeba kilo 400 watu wawili wakiwa mbele. Hesabu iliingia sawasawa. Aliandika pia, pembeni, maneno ya mkulima.

Njia ya kutoka Wundanyi kwenda Mwatate huteremka kwa kona moja baada ya nyingine. Giza lilikuwa limekwisha kuingia walipoona taa za gari zikimulika juu mitini badala ya barabarani. Ilikuwa Probox, nyeupe kama yao, imelala ubavu, na barabara nzima imekuwa nyekundu. Kijana alidhani ni damu. Zilikuwa tungule. Dereva alikuwa amekaa ukingoni ameshika mkono uliovunjika, na barubaru mmoja, aliyekuwa amebanwa naye kwenye kiti chake, alikuwa akilalamika kwa maumivu ya kifua. Ami alisimamisha gari mbali, akaweka matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, akashusha kreti tatu ili gari lipungue uzito, akamwingiza barubaru kiti cha mbele. Kabla hajaondoka alimpa kijana tochi akamwambia, "Kaa na huyu, na hizi tatu zetu. Nami nisipokuwapo, hebu hesabu kreti zake."

Kijana alihesabu. Nane zilikuwa ndani na kando ya gari. Nyingine tano alizipata mtaroni, zilikokuwa zimerushwa kutoka kwenye keria. Kumi na tatu. Zaidi ya kilo mia nane, na watu wawili mahali pa mmoja, na mteremko. Aliligusa gurudumu la mbele, akaondoa mkono haraka kwa joto lililokuwa likitoka kwenye breki. Wanakijiji walikuja na ndoo kuokota tungule ambazo hazijapondeka, na dereva aliwatazama bila kusema kitu. Hatimaye askari alifika, akamulika namba ya gari, akaandika katika daftari lake. "Probox tena," alisema. Hakuhesabu chochote. Kijana alitaka kumwambia kumi na tatu, lakini askari alikuwa amekwisha kugeuka kuwaongoza wenye malori.

Ami alirudi baada ya saa mbili. Barubaru alikuwa amepokelewa hospitali. Wakamchukua dereva naye, wakamfikisha, wakarudi kupakia kreti zao tatu, wakaendelea. Walipita Voi bila kuzungumza. Karibu na Maungu ami alipunguza mwendo, akasema akitazama mbele:

"Mwaka wako wa kwanza chuoni, mimi nilikuwa nikipakia kumi na nne."

Kijana hakujibu.

"Ada ilikuwa imetangulia, na deni la dukani, na dada yako yuko shule. Nikasema, gari lina nguvu. Na kweli lilikuwa na nguvu, lilikwenda. Usiku mmoja pale Mazeras kwenye mteremko nikakanyaga breki, mguu ukafika chini. Nikasikia harufu. Lori lilikuwa mbele yangu. Niliponea mtaroni, sijui vipi. Nikakaa pale mpaka zikapoa, nikaja sokoni, nikauza. Mamako hajui. Toka hapo ni sita."

Hapo ndipo mahesabu yalipokuwa mazito. Kijana aliyekuwa ametumwa kupima umri wa gari alijikuta na takwimu zilizoeleza jambo jingine kabisa: gari halikupungua nguvu, lilipunguziwa mzigo. Akiliandika hilo, amemfichua ami yake. Akiacha kuliandika, gari linauzwa kwa kosa lisilo lake, na ami anakosa kazi kwa sababu ya uamuzi wa pekee wa busara aliowahi kuufanya akiwa nalo. Palikuwa na la tatu, ambalo hakuna safu ya mahesabu iliyolitosha: kila safari ya kreti kumi na nne ilikuwa sehemu ya kiti alichokalia darasani, akijadili Probox hii au Probox hili. Hata jina baya lilikuwa limechongwa na watu kama ami yake, kwa ajili ya watu kama yeye.

Aliandika safu mbili, moja ya kumi na nne na nyingine ya sita, bila kutia maelezo. Mamake si mtu wa vitabu lakini hesabu za soko humtii. Aliweka miwani, akapitisha kidole chini, akasimama.

"Kumi na nne za lini?"

Kijana alitazama sakafu. Ami, aliyekuwa amekaa pale pale mlangoni, alivua kofia yake, akaeleza yote tangu Mazeras. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kwa muda mrefu haikusikika sauti isipokuwa ya tuktuk iliyokuwa ikigeuka nje.

"Kwa hivyo gari halikuzeeka."

"Halikuzeeka, shemeji. Ni mimi niliyeogopa."

Mama hakumlaumu, wala hakumsamehe kwa maneno. Aliuliza bei ya mafuta kutoka Wundanyi, akauliza safari ngapi kwa juma zinawezekana kwa kreti sita, akakunja karatasi akaitia katika kibindo chake. Premio haikutajwa tena. Siku ya harusi, Desemba 2019, ilikodiwa gari nzuri nyeusi kumpeleka bibi harusi, kwa sababu harusi ni harusi, na Probox ikabeba masufuria, maturubai na akina mama watatu waliodai kwamba kiti cha nyuma kimewavunja viuno. Januari iliyofuata ami alimrudisha kijana chuoni. Alisimama pale pale kituo kimoja kabla ya lango, kwa mazoea, na kijana kwa mazoea akashuka.

Lakini kwenye mlango wa nyuma wa gari, upande wa ndani, mama alikuwa ameagiza iandikwe kwa rangi nyekundu tarakimu moja kubwa: 6. Wateja wake hawakuipenda, kwa kuwa mzigo mdogo una bei yake. Alfajiri moja mchuuzi wa Maweni, aliyekuwa na kreti yake moja iliyoachwa njiani na lori, alimshika ami mkono akimbembeleza aiongeze katika safari ya kesho, moja tu, Probox hiyo haishindwi na kreti moja. Ami alikuwa akishusha ya mwisho. Alifuta jasho, akaufungua mlango mpaka mwisho ili taa ya soko iangaze ndani.

"Soma, bwana," alisema. "Kama hujui kusoma, mwanangu atakusomea."